Risasi ipi kwa bunduki ya gobori?

Katika vijiji vingi vya Kongo bunduki ya mwindaji ingali ile ya gobori, ishindiliwayo kwa mdomo wa mtutu: kwanza baruti, kisha risasi. Wala si ajabu. Mkataba wa Bruxelles wa mwaka 1890 ulikataza bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu zile za gumegume zenye mtutu laini ndani.

Wengi huuliza baruti kiasi gani itiwe. Wachache huuliza baruti hiyo irushe kitu gani. Leo tuzungumze juu ya swali hilo la pili.

Iko desturi ya kushindilia vipande vya nondo, misumari, hata vijiwe. Tusidhani kwamba chuma huua vema kwa sababu ni kigumu. Tufe la risasi lenye upana wa milimita 15 lina uzito wa gramu 20. La chuma, upana ule ule, halifiki gramu 14. Kilicho chepesi hupoteza mwendo upesi hewani, nacho huingia mwilini kidogo. Tena kipande chenye pembe huenda upogo na kuukwaruza mtutu, hata huweza kukwama ndani yake. Mnyama hukimbia na jeraha, akafa mbali kwa maumivu. Mwindaji naye hurudi mikono mitupu.

Basi lifaalo ni tufe moja la risasi laini. Tuangalie pia ukubwa wake. Tufe la milimita 12 lina gramu 10 tu. Upana ukiongezeka kwa robo, uzito huwa karibu maradufu. Kwa hiyo litoshalo kwa paa halitoshi kwa nguruwe mwitu. Tufe liwe dogo kidogo kuliko mtutu, livikwe kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta. Kwa mtutu laini, tusipige mnyama aliye mbali kupita hatua 50. Marisau madogo yawe ya kanga na kware.

Bunduki yenye mifuo ndani ya mtutu yaweza kupokea risasi ndefu yenye ncha. Mfaransa Minié alitengeneza moja mwaka 1849, yenye shimo nyuma. Moto wa baruti huitanua hata ikashika mifuo. Lakini risasi ndefu ni nzito, na uzito huzidisha nguvu isukumayo mtutu. Asiyejua kipimo chake asiijaribu.

Hata tufe jema huwa hatari likiachwa katikati ya njia. Lazima likae juu ya baruti kabisa. Likiacha nafasi, mtutu waweza kupasuka na kuukata mkono wa mwenyewe. Tia alama katika mdeki, upate kuona kila mara kama risasi imefika chini.

Liko jambo la mwisho, nalo lawahusu akina mama na watoto. Risasi ni sumu. Huyeyuka kwa digrii 327, na wengine huitoa katika betri kuukuu za gari, wakaiyeyusha jikoni. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwaka 2007 na 2008 kwa ajili ya risasi ya betri iliyotapakaa katika mchanga wa makao yao. Kwa hiyo atakayeyeyusha afanye nje, mbali na watoto, kwa chombo kisichopikiwa chakula tena, wala tone la maji lisianguke ndani, maana risasi hiyo itaruka na kumchoma. Nyama iliyo kandokando ya jeraha ikatwe na kutupwa mbali, kwa kuwa vipande visivyoonekana hubaki ndani yake. Asipewe kamwe mtoto wala mama mwenye mimba.

Mwindaji mwenye kibali, aliyepima risasi yake kabla ya kuondoka nyumbani, hupiga mara moja, naye huwaletea watoto wake chakula.