Mbayuwayu si mgeni
Mbayuwayu wamejipanga tena kwenye nyaya za umeme za Moshi, na kama kila mwaka tunasema wageni wa Ulaya wamefika. Hesabu inakataa. Ndege huyu wa gramu 20 hivi hufika Septemba au Oktoba na kuondoka Machi au Aprili. Hiyo ni kama nusu mwaka, na huko kaskazini hakai zaidi ya hapo. Atasema mtu kwamba kwao ni anakotagia. Sawa, lakini kiota hakishibishi: baridi ikiingia Ulaya wadudu warukao huadimika, wakati huku vuli inawatoa kumbikumbi ardhini, kilele cha Kibo kikijifunika mawingu (na watalii wakinuna). Juu ya mpunga wa Chekereni na miwa ya Arusha Chini, mbayuwayu huchota wadudu angani kutwa nzima, bila ujira. Anayelisha macho hupita, anayelinda shamba hukaa. Kwa hiyo tukimwaga dawa za wadudu ovyo mashambani, tusijifariji kwamba wanaopungua ni ndege wa Wazungu. Tunawafukuza wakazi wetu wa nusu mwaka, tena wasiodai hata kiwanja.