Mgeni wa Kombe la Afrika Atalala Wapi?

Tangu Septemba 27, 2023, Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF) lilipozikabidhi Kenya, Uganda na Tanzania fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, mjadala wetu umekuwa wa viwanja. Tumehesabu viti, tumepima nyasi, tumebishana kuhusu Kasarani, Nyayo na uwanja mpya wa Talanta. Sina ugomvi na mjadala huo. Taifa lililopoteza nafasi ya kuandaa fainali za 1996, kisha likapoteza zile za CHAN za 2018 kwa kutokuwa tayari, lina kila sababu ya kuchelea yasijirudie. Hata michuano ya CHAN iliyochezwa hapa Agosti 2025, na kumalizika Kasarani kwa Morocco kuishinda Madagascar, haikuiondoa hofu hiyo kabisa.

Hata hivyo, lipo swali ambalo sijalisikia likiulizwa kwa uzito unaostahili. Mtu wa kawaida atakayetoka Dakar, Lusaka au Kinshasa kuja kuitazama timu yake atalala wapi, na kwa bei gani?

Walimu wenzangu nikiwauliza hivyo hucheka. Huniambia kuwa hoteli zimejaa tele Nairobi. Naam, zimejaa, lakini aghalabu zilijengwa kwa ajili ya mtalii wa mbugani na mjumbe wa mikutano, si kwa ajili ya karani au mwalimu aliyeweka akiba mwaka mzima ili aione nchi yake ikicheza. Nami nashikilia kuwa si tikiti ya uwanjani inayoamua nani atautazama mchezo na nani atausikiliza redioni. Kinachoamua ni kitanda.

Chukua mfano wetu wenyewe. Mwaka 2019 Harambee Stars walifuzu kwa fainali za Misri baada ya kuzikosa kwa miaka 15. Walipangwa kundi moja na Algeria, Tanzania na Senegal, na mechi zao zote tatu zilichezwa katika uwanja wa Juni 30 jijini Cairo: Juni 23, Juni 27 na Julai 1. Mkenya aliyetaka kuziona zote, afike siku moja kabla ya mechi ya kwanza na aondoke siku moja baada ya mechi ya mwisho, alihitaji tikiti tatu za uwanjani. Alihitaji pia malazi ya siku kumi. Mwanafunzi yeyote wa darasa la hesabu ataona mara moja uzito uko upande gani. Ndiyo maana usiku ule Michael Olunga alipofunga mabao mawili tukawalaza Watanzania 3-2, sisi tulio wengi tuliishangilia runinga.

Tena kitanda huulizwa kabla ya tikiti. Yeyote aliyewahi kujaza fomu ya viza ya kwenda Ulaya anafahamu kipengele kinachomtaka athibitishe mahali atakapolala. Hata Kenya, ilipoiondoa viza Januari 2024 na kuleta kibali cha kielektroniki, ilimtaka mgeni aonyeshe malazi aliyoyapanga. Mwaka 2025 raia wa nchi nyingi za Afrika walisamehewa kibali hicho, na uamuzi huo naupongeza. Lakini kumfungulia mtu mlango wa nchi si sawa na kumpa mahali pa kulaza ubavu.

Kombe la Dunia lilipopelekwa Qatar mwaka 2022, katika nchi yenye takriban watu milioni 3, waandalizi walijua mapema kuwa hoteli za Doha hazingetosha. Walichofanya kinafaa kusomwa darasani. Walisimamisha vibanda vya muda jangwani, vikikodishwa kwa takriban dola 200 kwa usiku mmoja. Walitia nanga meli za kitalii bandarini zikawa hoteli. Walipanga ndege za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Dubai na miji mingine ya jirani, hata shabiki akawa analala nchi moja na kutazama mpira nchi nyingine. Kadi ya Hayya, iliyotumika kama viza ya mashindano, ilifungamanishwa na malazi. Na mkazi wa Qatar aliruhusiwa kuandikisha jamaa na marafiki hadi 10 walale nyumbani kwake. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichonivutia zaidi. Kulala kwa ndugu, jambo ambalo sisi hulifanya bila fomu wala mhuri, lilifanywa kuwa sera ya dola.

Ingedhaniwa basi kuwa Mkenya angefaidi, maana vijana wetu walikuwa wengi Doha: walinzi, wahudumu, madereva. Penye ndugu hapakosi mkeka. Ila ndugu zetu hao wengi wao hawakuwa na nyumba. Walikuwa na kitanda kimoja katika bweni la kampuni. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi huko, aliandika kwa jina la kalamu kuhusu maisha ya mabweni hayo na msongamano wake. Mei 2021 alikamatwa, akazuiliwa kwa takriban mwezi mmoja, na baadaye akatozwa faini kabla ya kuondoka nchini humo. Mwaka uliofuata ulimwengu ulikuja kulala Doha. Vitanda vya wageni vilipangwa na serikali hadi kimoja kimoja, ilhali kijana aliyetaja ubovu wa kitanda chake mwenyewe alikuwa ameishaonja selo. Sitaki tuige ustadi wa Qatar na kuusahau upande huo.

Wala tusidhani kuwa ni shabiki peke yake anayeweza kukosa malazi ya heshima ugenini. Mwaka 2016 timu ya Kenya ilirejea kutoka Rio de Janeiro na medali 13, sita zikiwa za dhahabu. Michezo ilipokwisha na kijiji cha wanariadha kufungwa, kundi la mwisho la Wakenya lilihamishiwa katika makazi ya bei nafuu kwenye mtaa duni. Miongoni mwao alikuwa nahodha wa timu, Wesley Korir, bingwa wa mbio za Boston za 2012 na wakati huo mbunge wa Cherangany. Yeye ndiye aliyeutangazia ulimwengu kuwa walikuwa wakisikia milio ya risasi huku wakingoja ndege ya bei rahisi. Septemba 2021 mahakama iliwatia hatiani aliyekuwa waziri wa michezo, Hassan Wario, na kiongozi wa msafara, Stephen Soi, katika kesi iliyotokana na fedha za safari hiyo. Kashfa ya Rio haikuhusu mbio hata kidogo. Ilihusu tikiti za ndege, vitanda na sare. Kwa michezo ya Tokyo kambi iliandaliwa mjini Kurume, na kwa ile ya Paris ya 2024 ikaandaliwa Miramas. Ishara kwamba somo hujifunzika, japo kwa ada kubwa.

Sasa nirudi nyumbani, maana huku kwetu hatuhitaji kungoja 2027 ili tujue mambo yatakavyokuwa. Mashindano ya magari ya Safari Rally yaliporudi katika ratiba ya dunia mwaka 2021, kituo chake kiliwekwa Naivasha, kilomita zisizozidi 30 kutoka Gilgil. Magari yamevuma hadi Elmenteita na Soysambu, chini ya kilima ambacho watalii hukiita Shujaa Aliyelala. Kila mwaka tangu hapo nimeshuhudia jambo lile lile. Chumba ambacho Jumatatu kina bei ya mwalimu huwa na bei ya waziri ifikapo Alhamisi. Vijana hulala ndani ya magari, au hawalali kabisa. Waliokosa Naivasha humiminika Gilgil usiku, wakigonga gesti moja baada ya nyingine, na bei ya Gilgil nayo hupanda kwa kuifuata ya Naivasha kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Wapo waliotuma pesa kwa simu kulipia chumba, wakafika na kukuta hakuna chumba wala aliyepokea pesa.

Simlaumu sana mwenye gesti. Ana siku nne za kufidia miezi ya vyumba vitupu, na karo ya watoto wake haingoji msimu. Ubaya si kupanda kwa bei. Ubaya ni bei isiyojulikana mpaka mgeni asimame mlangoni saa tano za usiku na mzigo mgongoni. Bei iliyotangazwa miezi sita kabla, hata ikiwa ghali, humwachia mtu uhuru wa kuamua. Bei ya mlangoni ni unyang'anyi uliovaa tai.

Hapa wapo watakaosema kuwa Gilgil iko mbali na mambo ya Kombe la Afrika. Iko kilomita takriban 120 kutoka Nairobi. Shabiki wa Qatar alipanda ndege kutoka Dubai, akaona mechi, akarudi Dubai kulala. Kwetu ni safari ya matatu ya saa mbili au zaidi kidogo, foleni ikituonea huruma, na reli ya zamani bado inapita katikati ya mji. Lau treni za usiku zingepangwa kwa siku za mechi, miji ya Naivasha, Gilgil na Nakuru ingekuwa vyumba vya ziada vya Nairobi. Sheria ya Utalii ya 2011 ilikwisha kuunda mamlaka ya kusimamia malazi, na nyumba za watu zinazopokea wageni zinaweza kusajiliwa chini yake. Kinachokosekana si sheria.

Na kuna vitanda ambavyo hatujavitaja, vilivyo vingi kuliko vyote: vya shule za bweni na vyuo. Nchi hii imewahi kuvitumia. Mashindano ya dunia ya riadha kwa chipukizi wasiozidi miaka 18 yalipofanyika Nairobi Julai 2017, kijiji cha wanariadha kilikuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watoto wa mataifa mengi walilala katika hosteli za wanafunzi, wakaenda Kasarani, wakarudi. Jambo hilo lilipita bila kelele, na labda ndiyo maana tumelisahau.

Walimu na wanafunzi mnaosoma haya mtakuwa mmekwisha kuanza kuwa na wasiwasi, nami ninao. Paris ilipojiandaa kwa michezo ya 2024, shirika la makazi ya wanafunzi lilitaka vyumba vipatavyo 3,000 viachwe wazi majira ya kiangazi ili wafanyakazi wa michezo wavitumie. Wanafunzi walipewa euro 100 na tikiti mbili kila mmoja. Baadhi yao walikwenda mahakamani, kwa kuwa hosteli ndiyo iliyokuwa nyumba yao ya pekee; si kila mwanafunzi ana mahali pa kurudi likizoni. Yatima wa Kenya anayebaki shuleni shule zikifungwa ataielewa hoja hiyo bila kutafsiriwa. Kwa hiyo bweni lisiguswe nje ya likizo, na asiye na kwao asihamishwe kwa sababu ya mpira.

Lakini uko wasiwasi mwingine mzito zaidi. Septemba 2024 moto ulizuka katika bweni la wavulana la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, na watoto 21 wakapoteza maisha. Baada ya msiba ule tulisikia tena habari za madirisha yenye vyuma, milango inayofunguka kwa ndani na vitanda vilivyobanana. Masharti ambayo yamo katika mwongozo wa usalama wa shule tangu 2008. Hebu tufikirie afisa wa kaunti akija kukagua bweni ili alipangishe kwa mashabiki kutoka Morocco au Nigeria. Atapima nafasi kati ya vitanda. Atauliza mlango wa dharura uko wapi na vizima-moto vilikaguliwa lini. Yaelekea atakataa mabweni mengi, kwa kuwa mgeni akiungua ni aibu ya kimataifa. Kisha wageni wakiisha kwenda zao, mabweni yale yale aliyoyakataa yatafunguliwa kwa muhula mpya, na wana wetu watalala humo.

Hapo ndipo ninapoona faida halisi ya Kombe hili kwa wasio na habari na kandanda. Ukaguzi ufanywe kwa kipimo cha mgeni, ufanywe sasa, na bweni litakaloshindwa lirekebishwe hata kama hakuna Msenegali hata mmoja atakayelala ndani yake. Fedha za kukodisha yale yatakayofaulu ziende katika marekebisho ya yale yaliyoshindwa, zikiwa katika akaunti ambayo wazazi wanaweza kuiona. Nyumba na gesti nazo zisajiliwe, na bei zao za siku za mashindano zibandikwe hadharani katika ofisi za kaunti ndogo. Kaunti ya Nakuru haina haja ya kungoja CAF kwa hili, maana ina mbio za magari za kufanyia majaribio.

Wanafunzi wa chama cha Kiswahili katika shule ninayofundisha wamekwisha kuanza kazi hiyo kwa daftari na kalamu. Wamepita barabara kuu hadi karibu na stesheni, wakiandika idadi ya vyumba, bei ya siku za kawaida na bei ya siku za mbio. Safu mbili za kwanza zimejaa upesi. Katika ile ya tatu wenye gesti wengi wamewaambia warudi wiki ya mashindano.