HIVI HASHEEM ALISHINDWA, AU TULISHINDWA SISI?

Ndugu zangu, leo nina neno na wale wote wanaoangua kicheko kila jina la Hasheem Thabeet linapotajwa. Mnajijua. Mko kwenye vijiwe vya kahawa, mko kwenye daladala, mko hata kwenye vyumba vya habari, tena humo ndimo mlimojaa. Mzaha wenu ni uleule mwaka nenda mwaka rudi: "Huyu si ndiye aliyechaguliwa mbele ya Stephen Curry?" Mnacheka, mnaagiza kikombe kingine, mjadala umekwisha.

Haujakwisha. Na hapa ni kibarazani kwangu, hakuna mhariri wa kunikata maneno, kwa hiyo nitasema yote.

Nianze na takwimu, asije mtu akasema namtetea kwa kuwa ni Mtanzania mwenzangu. Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua Hasheem kuwa namba 2 katika drafti ya NBA, nyuma ya Blake Griffin peke yake. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 alikuwa huyo Curry wenu. Hasheem alidumu NBA misimu mitano, akapita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City. Alicheza mechi 224, kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka Dakota Wizards kwenye ligi ndogo, iliyoitwa D-League wakati ule. Hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kupelekwa huko kabla yake. Baada ya msimu wa 2013/14 hakucheza tena mechi ya NBA. Aliendelea kula jasho lake kwingine, Japani na Taiwani.

Kwa mtu aliyekuwa namba 2, hizo ni namba ndogo. Sibishi. Ninachobishia ni ile sababu mnayoitoa. Mmoja anasema alikuwa mvivu. Mwingine anasema pesa zilimlevya. Wa tatu, anayejiona mchambuzi, anasema alikuwa na urefu tu, basi. Huyu wa tatu yuko karibu na ukweli, ila anaishia pale ambapo angepaswa kuanzia. Kwa nini alikuwa na urefu tu? Nani alipaswa kumpa hayo mengine, na alipaswa kumpa lini?

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Alisoma Makongo. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15. Isomeni tena hiyo, miaka 15! Alipoitwa jukwaani kupeana mkono na kamishna wa NBA alikuwa na miaka 22. Toa hesabu mwenyewe: miaka saba tangu aanze mpaka awe namba 2 wa dunia. Sasa mtazameni Curry. Baba yake, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16. Mtoto yule alikulia uwanjani, mpira ameuzoea kama mtoto wa mfugaji anavyomzoea ndama. Mnawashindanisha watu wawili waliochaguliwa siku moja, mnasahau kwamba mmoja ameingia darasani asubuhi na mwingine ameingia kengele ya mwisho ikikaribia kulia.

Na msiniambie chuoni alibebwa. Misimu yake mitatu pale UConn, chini ya kocha Jim Calhoun, aliifanya kazi. Msimu wa mwisho, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2 kwa mechi. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11, akazuia mitupo 10. Mara mbili mfululizo alikuwa mlinzi bora wa Big East, mojawapo ya ligi kali za vyuo kule Marekani. Aliondoka akiwa amezuia mitupo 417, wa pili katika historia yote ya chuo kile, nyuma ya Emeka Okafor. Timu yake ilifika nne bora ya taifa. Hivyo vitu havipatikani kwa kusimama tu.

Lakini ipo mechi moja ambayo wanaocheka hawaitaji kwa sababu hawaijui, nayo ndiyo inayoeleza kila kitu. Tarehe 16 Februari 2009, siku anayotimiza miaka 22, UConn waliwakaribisha Pittsburgh. Upande wa pili alikuwepo DeJuan Blair, mfupi kwa Hasheem kwa sentimita kama 20. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alimaliza na pointi 5 na ribaundi 4. Kuna wakati waligombea mpira, Blair akainama, akamgeuza yule mtu wa mita 2.21 juu ya bega lake mpaka chini, puu.

Pale ndipo siri ya kazi ya senta ilipowekwa hadharani. Kuzuia mtupo unahitaji mikono mirefu na kujua wakati wa kuruka, na mtu mwenye akili anaweza kulijifunza hilo kwa miaka michache. Lakini kukita miguu usisukumwe, kuupokea mpira mgongo ukiwa kwa goli, kugeuka kushoto au kulia bila kufikiri, kuikinga nafasi kwa kiuno kabla mpira haujadondoka, hayo ni mambo ya mwilini. Mwili huyajifunza ukiwa mdogo, kwa kurudia maelfu ya mara. Chuoni, Hasheem aliweza kuyafidia kwa urefu, kwa sababu wengi waliomkabili walikuwa wafupi. NBA kila timu ina majitu. Urefu ukishakuwa wa wote, kinachobaki ni ufundi. Na ufundi wake ulikuwa wa miaka saba.

Tena angalieni soko lenyewe lilivyo. Mwaka ule Hasheem na Blair waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East. Ilipofika drafti, Hasheem akawa namba 2, Blair akawa namba 37. Wamarekani nao walilipia sentimita! Kwa hiyo si sisi tu tunaoamini kwamba mtu mrefu ni mchezaji tayari. Tofauti ni kwamba wao wakikosea wanamchukua mwingine, wanao tele. Sisi tulikuwa na mmoja.

Najua sasa kuna mtu anasugua viganja: "Mbona Hakeem Olajuwon alianza akiwa mkubwa akawa bingwa? Mbona Joel Embiid alianza na miaka 15 kama Hasheem?" Swali zuri. Olajuwon alikuwa akicheza mpira wa mikono na kudaka mpira wa miguu huko Lagos. Miguu yake ilikuwa imesomeshwa kabla hajaliona goli la kikapu. Alipofika Houston mwaka 1980 alikaa msimu mzima bila kuchezeshwa, anajifunza. Majira ya joto alikuwa anapigana vikumbo mazoezini na Moses Malone, mmoja wa masenta wakubwa wa enzi ile. Drafti ilimkuta 1984, na ubingwa wa NBA aliuchukua 1994 na 1995. Embiid alichaguliwa namba 3 mwaka 2014, akakosa misimu miwili mizima kwa majeraha ya mguu, na Philadelphia wakamsubiri. Mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Hasheem alipewa nini? Msimu wa kwanza mechi 68, nyingi akiingia dakika chache na kutoka. Kabla msimu wa pili haujaisha, Februari 2011, Memphis wakamuuza Houston.

Kwa hiyo nafasi ya mtu mrefu kuwa mchezaji wa kulipwa, na kudumu, inashikwa na mambo mawili: miaka ya kujifunza kabla, na mtu wa kumsubiri baadaye. La pili liko mikononi mwa tajiri wa Memphis, mimi na wewe hatuliwezi. La kwanza lilikuwa letu. Mtoto yule alizaliwa Dar, alirefuka Dar, alipita mitaani mbele ya macho yetu miaka kumi na mitano bila mtu kumpa mpira. Halafu leo tunamcheka kwamba hakujua kugeuka kushoto.

Inauma zaidi ukitazama majirani. Tarehe 25 Juni 2025, miaka 16 kamili tangu siku ya Hasheem, aliitwa kijana mwingine mrefu, Khaman Maluach, namba 10, akaishia Phoenix Suns. Amezaliwa Sudan Kusini, amekulia Uganda, na kikapu alikianza mwaka 2019 hivi. Naye ni mchelewaji! Lakini tazameni alichopata katikati: akademi ya NBA kule Senegali, mechi za Ligi ya Afrika, BAL, tangu akiwa mtoto, Kombe la Dunia 2023, Olimpiki ya Paris 2024, kisha chuo cha Duke. Miaka yake michache ilijazwa mpaka juu. Atafika wapi, sitabiri. Ninachosema ni kwamba alipofika mlangoni alikuwa ameshapambana na watu wazima. Na timu yake ya taifa ni ya nchi iliyopata uhuru 2011, ambayo haikuwa hata na ukumbi wa ndani wa kikapu, lakini ilikwenda Paris ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Msinitajie umaskini tena.

Rwanda wamejenga ukumbi wa watu 10,000 pale Kigali, na BAL ilianzia humo mwaka 2021. Waganda wamekuwa na City Oilers wao kwenye ligi hiyo. Sisi tuliotoa namba 2 wa drafti tangu 2009 tumejenga nini juu ya jina lake? Tumejenga mzaha.

Sasa niwalete kwetu. Mimi ni mtu wa Issuna, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida. Wengi mnapapita tu ndani ya basi, mnakumbuka alizeti na kuku wa kienyeji. Huku kijana yeyote akirefuka kidogo, akipita gulioni anaitwa Hasheem. "We Hasheem, unangoja nini, nenda Marekani!" Watu wanacheka, kijana naye anacheka, lakini neno limeingia. Akifika kidato cha tatu ameanza kuamini kwamba kichwa chake kikishagusa kizingiti cha mlango, ajira imepatikana. Na mpira wa kikapu hajawahi kuushika.

Huyo ndiye ninayemwandikia. Kwa sababu siku moja atatokea mtu na simu nzuri na maneno matamu, amwambie mzazi kwamba ana njia ya kumpeleka ng'ambo, alete hela ya pasipoti na "usumbufu". Mzazi atauza ng'ombe. Na hata huyo mtu akiwa mkweli, kijana atafika kule akiwa na miaka 18, ana mita mbili na hana miaka hata miwili ya mpira. Hasheem alikuwa na saba na haikutosha. Huyu wa Issuna ana nini?

Wakubwa wa michezo watanijibu kwamba kuna UMITASHUMTA na UMISSETA. Najua, zipo, na mwenye kipaji huonekana huko. Lakini mashindano ni mtihani, si darasa. Huwezi kumtahini mtoto siku chache kwa mwaka kitu ambacho hukumfundisha siku zote zilizobaki. Kikapu chetu kwa sehemu kubwa kimebaki cha mjini, cha akina Vijana, Pazi, Savio na JKT, na heri yao kwa kukishikilia. Lakini urefu haukuzaliwa Upanga tu.

Na usiniambie ni gharama. Goli la kikapu ni bomba, ubao na duara la chuma. Fundi yeyote wa kuchomelea mageti analimaliza kwa siku moja. Ardhi tunayo, Singida nzima ni uwanja. Kinachokosekana ni mwalimu aliyefundishwa kufundisha mtoto wa miaka kumi namna ya kusimama, kugeuka na kudunda, na mkuu wa shule asiyeona kwamba mtoto akicheza anapoteza muda wa kukariri. Halmashauri zetu zinaweza hili. Shirikisho la kikapu, TBF, linaweza kuwafundisha hao walimu mkoa kwa mkoa badala ya kungoja vijana waliokwisha kurefuka waletwe Dar kama mbuzi wa mnada. Na mkienda kuchagua watoto, acheni futi ya kupimia nyumbani. Tazameni miguu kwanza.

Mzazi mwenzangu wa Issuna, mwanao akiwa mrefu, usimwambie aende Marekani. Mtafutie mpira leo, akiwa bado anavaa kaptura ya shule ya msingi, na asome. Asipokuwa mchezaji atakuwa na kichwa.

Na nyie wa vijiweni, mkitaka kucheka endeleeni. Lakini mkishamaliza mniambie: mrefu anayefuata ana miaka mingapi sasa hivi, yuko shule gani, na nani anamfundisha kugeuka kushoto?

Naomba kutoa hoja.