SPRINGI ZA PIKIPIKI ZETU

Sisi wa reli hatupendi kuona behewa likitoka na springi iliyolala. Lakini alfajiri twapanda pikipiki wawili na mizigo, wala hatutazami springi za nyuma. Nyuma hushuka, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani huyumba, taa humulika machoni mwa anayekuja.

Kwenye springi pana pete ya chuma yenye vidato. Ukiizungusha hubana springi. Ukipakia mtu, kaza, ukishamshusha, legeza. Kulia na kushoto ziwe sawa. Wengine hukaza mpaka mwisho wakaacha hivyo: wakiwa peke yao pikipiki hurukaruka, na gurudumu lililo hewani halina breki.

Spana yake ni ya ndoano, na wengi hatuna. Twaomba tawi letu linunue moja, ikae ofisini.