SENG'ENGE ISIYO NA MLANGO HATUITAKI



Kila twiga anapogongwa barabarani hapakosi mtu wa kusema: pigeni seng'enge ya umeme kando ya barabara yote, mambo yamekwisha. Sisi madereva na maturniboi wa Iftin twasema sivyo. Na tusikilizwe, maana anayekufa ndani ya lori usiku si tajiri mwenye lori.

Tazameni nchi yetu. Barabara ya Garissa kwenda Bura na Masalani yafuata Mto Tana kwa upande wa mashariki. Malisho yako upande huu, maji yako upande ule. Kiangazi kikija, twiga wa Bour-Algi pamoja na ngamia na ng'ombe wetu huvuka barabara hiyo hiyo kwenda malka kunywa. Malka nyingine zimekwisha kuzibwa na mashamba. Je, zilizobaki tuzizibe kwa waya? Desemba 2021, wakati wa ukame, twiga 6 walikufa huko Sabuli, Wajir, wamenasa katika matope ya bwawa lililokaribia kukauka. Walikuwa wakitafuta maji tu. Mnyama mwenye kiu atausukuma waya mpaka ukatike au afe hapo hapo. Mchungaji naye ataukata kwa panga, nasi hatutamlaumu.

Hatusemi seng'enge haifai. Ile ya Aberdare, karibu kilomita 400, ilianzwa 1989 ikamalizika 2009, na wakulima wa kule wanajua faida yake. Lakini ile yazunguka msitu, haikati njia ya maji. Mfano wa kufuata uko barabara ya Nanyuki kwenda Meru. Pale seng'enge yamwongoza tembo mpaka kwenye njia iliyochimbwa chini ya barabara kuu, naye hupita bila kukutana na gari. Tembo walianza kuipita 2011. Hiyo ndiyo kazi ya waya: kuongoza. Ila twiga si tembo. Dume hupita mita 5 kwa urefu, basi njia yake ipimwe kwa shingo yake, na ipimwe mapema.

Tena waya wa umeme hautunzwi kwa hotuba. Majani yakiugusa, nguvu yapotea. Nguzo huliwa na mchwa, betri huibwa. Wanaotaka seng'enge watuambie kwanza watu wangapi wa hapa wataandikwa kazi ya kudumu, kwa mshahara wa mwezi, si vibarua wa wiki mbili.

Na matajiri wa magari wasijifiche nyuma ya waya. Dereva aliyeamriwa kufika Nairobi kabla ya alfajiri hawezi kupunguza mwendo magharibi, saa ambayo wanyama huvuka. Twataka saa za safari zipangwe upya, na dereva aliyechelewa kwa kupisha wanyama asikatwe hata senti moja.

Kila mwanachama amletee Katibu wa tawi majina ya mahali anapokuta wanyama wakivuka, na saa yake. Orodha hiyo tutaipeleka kwa wenye barabara na kwa Shirika la Wanyamapori.