Kisa cha Kununua na Kisa cha Kujitungia

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons, mmoja husimulia hatari, na wenziwe, kila mtu kwa nafsi ya shujaa wake, huamua watakalotenda. Wako washikao kuwa msimulizi anunuaye kisa kilichokwisha tungwa amejivunjia heshima. Nguo ya kuazima, wasema, haisitiri maungo. Ushahidi wanao. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huo Marekani mwaka 1974, waliwahimiza wasomaji wajibunie mambo yao. Lakini mwaka 1978 kampuni ya Gygax, TSR, ilianza kuuza mfululizo wa visa vya tayari.

Hata hivyo, hukumu yao siikubali. Aliyekesha akitunga kisa hukipenda kama mwana. Wachezaji wakishika njia asiyoitazamia, huwafungia kila mlango mpaka wairudie yake. Huo si mchezo, ni hotuba yenye dadu. Mwenye kisa cha kununua hukata na kuongeza bila ya uchungu.

Tazama In Search of the Unknown, kisa cha Mike Carr cha miaka hiyo. Ramani na vyumba vimetolewa. Mazimwi na hazina ameachiwa msimulizi avipange mwenyewe. Hapo mnunuzi hufunzwa kutunga.

Basi tusiulize kisa kimetoka wapi. Tuulize kama mchezaji ana hiari ya kukigeuza. Asipokuwa nayo, kisa ni kibaya, hata kikiwa kimetungwa nyumbani.