KUUZA BEI NAFUU SI DHAMBI



Ndugu zangu, kijana akiuza simu Instagram kwa bei ya chini kuliko maduka ya jumla Kariakoo, baadhi ya matajiri husema: "Anaharibu soko, biashara yake haramu." Haramu kwa dalili ipi?

Bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) aliombwa azipange, akakataa. Watasema Sayyidna Umar (r.a.) alimtaka Hatib bin Abi Balta'a apandishe bei ya zabibu zake au aondoke sokoni. Kweli. Lakini katika riwaya ya Imam Shafi'i, Umar alimrudia akamwambia auze apendavyo.

Kijana halipi kodi ya fremu, karidhika na faida ndogo. Kosa lake nini? Riziki haitoki kwa mwenye ghala.

Na wewe kijana, usishangilie bado. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichonacho. Unaposti picha ya mzigo wa mwenzio, unapokea pesa, ndipo unakwenda kuutafuta? Feki unaiita orijino? Hiyo ndiyo haramu, si bei yako.

Tajiri, punguza faida. Kijana, miliki mzigo kwanza.

Wallahu a'lam.